Kigari kinachogeuka roboti: Kinunuliwe cha njano au chekundu?

SHEMEJI yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hana tabia ya kuomba ushauri. Kwa hiyo Jumapili moja ya Novemba 2024 alipokuja kwangu hapa Nyanza-Lac, mtoto mgongoni na kikapu mkononi, nilijua kuna jambo.

Alitoa vigari viwili akaviweka mezani, kimoja cha njano na kingine chekundu. Vyote ni vya aina ile inayogeuka kuwa roboti, ambayo siku hizi utaikuta katika kila soko la mwambao huu wa Ziwa Tanganyika.

"Shemeji, wewe ni mwalimu," alisema. "Niambie nichukue kipi. Safari hii nikikosea, sijui kikundi nitawaambia nini."

Kikundi anachokisema ni cha akina mama wanaoweka na kukopeshana. Walikuwa wamemkopesha mtaji wa dazani kumi na mbili za vichezeo vya Noeli, vya kuchukua kwa mwenye duka la jumla mjini Kigoma na kuvipitisha Manyovu hadi Mugina. Dazani kumi na mbili ni vigari 144. Kwa mfanyabiashara mkubwa hilo ni boksi la kuweka chini ya kiti. Kwa shemeji ni karo, mbolea na deni vilivyokaa pamoja.

Na alikuwa na kidonda. Noeli ya mwaka uliotangulia alileta dazani sita za cha njano. Viliuzika haraka, lakini kabla Januari haijaisha wazazi walikuwa wanavirudisha, kimoja baada ya kingine, vimekatika mkono. Katika soko letu muuzaji na mnunuzi wanachota maji bomba moja. Huwezi kubandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Alirudisha fedha kwa wengine, wengine akawapa sabuni, na faida yote ikaenda hivyo.

Ndiyo maana moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye kile chekundu. Kikubwa, kinang'aa, na ukibonyeza kifua chake kinawaka taa na kulia kama gari la polisi.

Ndugu msomaji unaweza kuuliza mwalimu wa Kiswahili ana utaalamu gani wa roboti. Una haki ya kuuliza. Jibu langu ni Katumba.

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, mimi nikazaliwa miaka minane baadaye katika makazi ya Katumba, wilaya ya Mpanda wakati huo ikiwa mkoa wa Rukwa. Nilisoma huko mpaka nikawa mwalimu, na nilirudi mwaka 2008 pamoja na wengine waliochagua kurudi. Katika utoto wetu kule dukani hakukuwa na kigari cha kununua, na kama kingekuwapo, fedha haikuwapo. Tulitengeneza wenyewe: waya kwa fremu, kopo la mafuta ya kula kwa bodi, soli za kandambili kwa tairi, na usukani mrefu wa fimbo ili uendeshe umesimama.

Tulikuwa na baraza letu la kukagua. Gari jipya liliwekwa kwenye kilima cha shule na kusukumwa mara moja. Likikata kona lenyewe, mwenye nalo alirudi nyumbani kulikunja upya. Hakuna aliyesikiliza maelezo. Nimekaa kwenye kamati nyingi tangu wakati ule, za vyama vya walimu na za ardhi za waliorudi, na sijaona iliyokuwa kali na ya haki kama ile ya kilimani.

Kigari kinachogeuka nilikiona kwa mara ya kwanza mwaka 1991, mikononi mwa mtoto wa mfanyakazi wa shirika moja aliyekuja likizo. Alikikunjua mbele yetu mara mbili, akakitia mfukoni. Nilikwenda nacho kichwani mwezi mzima. Nilitaka kujua mikono ilikuwa wapi kilipokuwa gari.

Baadaye nilisoma kwamba vichezeo hivi asili yake ni Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na vigari vidogo vinavyogeuka roboti mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikavichukua na kuviuza kwa jina la Transformers. Mmoja wa wadogo kabisa katika kundi lile la kwanza ni Bumblebee, gari la Volkswagen lenye mgongo wa kobe, lililofupishwa mpaka likawa kama mkate wa boflo. Miguu ikivutwa na mikono ikatolewa ubavuni, kazi imekaribia kwisha. Filamu ya mwaka 2007 ilimbadilisha kuwa Chevrolet Camaro, lakini ile ya mwaka 2018 ikamrudishia mgongo wake wa kobe. Naona walifanya vizuri.

Cha njano cha shemeji ni mjukuu wa yule, mjukuu wa nje ya ndoa. Hakina jina, boksi lake lina herufi za Kichina na picha ya roboti mwingine kabisa. Ninakisia kimetoka Chenghai, katika mji wa Shantou, jimbo la Guangdong, kwa sababu ndiko zinakotoka plastiki nyingi za aina hii zinazofika Kariakoo na baadaye Kigoma. Urefu wake ni kama sentimita nane. Chekundu kina kama kumi na mbili, na kimetengenezwa kwa mfano wa gari la mashindano.

Nilimwambia shemeji aniachie vyote viwili wiki moja, pamoja na maiti za mwaka jana kama bado anazo. Alikuwa nazo saba kwenye ndoo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile cha kilimani. Niliinamisha ubao wa kukatia nguo nikaviachia. Cha njano kilishuka moja kwa moja. Chekundu kilizunguka na kugonga mguu wa meza. Nilipokiweka juu ya kioo niliona sababu: magurudumu yake mawili ya nyuma hayagusi chini. Vipande vinavyoficha miguu ya roboti vimeshuka kuliko tairi, kwa hiyo gari linaburuta tumbo.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, na ndipo ninapowaheshimu walioibuni. Kichezeo kama hiki ni vitu viwili vinavyogombea nafasi moja. Kila kipande lazima kifanye kazi mara mbili. Mlango ni mkono, buti ni miguu, boneti ni kifua. Kipande kisichopata kazi ya pili hakina pa kwenda, basi kinabaki kikining'inia. Chekundu kina vipande vitatu vya namna hiyo, paa na vioo viwili, vyote vimerundikwa mgongoni mwa roboti. Kinasimama kama mama yangu alivyosimama kwenye picha ya safari ya 2008, godoro mgongoni, akiegemea mbele ili asianguke chali. Tofauti ni kwamba mama hakuanguka.

Cha njano hakina mzigo. Paa linagawanyika na kuwa sehemu ya nyuma ya miguu, na ukimwangalia roboti kwa mbele hujui lilipo. Hatua za kukigeuza ni tisa. Za chekundu nilihesabu ishirini na moja, na ya kumi na nne inahitaji kucha ndefu.

Nilitazama pia vifaa. Vioo vya chekundu ni plastiki angavu, na bawaba za paa zimepitishwa humo humo. Plastiki angavu ni nzuri kwa macho lakini haipendi kubeba pini. Haipindi, hupasuka, na ufa huanzia kwenye tundu. Rangi yake ya fedha ni utando mwembamba uliopakwa juu, niliukwaruza kwa ncha ya kalamu ukatoka. Mwili mzima umegundishwa kwa gundi, hakuna skrubu hata moja. Maana yake kikiharibika hakifunguki. Cha njano kina skrubu tano ndogo na pini za chuma ambazo ukipoteza moja utaweka kipande cha spoku ya baiskeli. Kwetu ambako duka la vipuri vya roboti halipo, hilo si jambo dogo.

Kwa upande wa sura, lazima niwe mkweli, chekundu kinashinda. Kina uso wenye macho makali na taya, mtoto anamtambua mtu humo. Uso wa cha njano ni kama kifungo cha shati.

Basi mpaka hapo nilikuwa nimeshamaliza hukumu yangu. Lakini ndoo ilikuwa imebaki. Kama cha njano kimebuniwa vizuri hivyo, kwa nini vilikatika?

Nilizipanga zile maiti saba dirishani. Sita zilikuwa zimekatika mkono, moja imekanyagwa na pikipiki. Katika zile sita, mpasuko ulikuwa mahali pale pale: kwenye pete ya plastiki inayoshika pini ya bega, upande wa chini. Pembeni ya ufa plastiki imekuwa nyeupe kama iliyokunjwa na kunyooshwa. Plastiki mbovu hupasuka ovyo, kila kimoja mahali pake. Hivi vilikuwa vimevutwa na nguvu ile ile, kutoka upande ule ule. Nilihisi kuna mkono mmoja uliovivunja vyote, lakini sikuuona.

Ijumaa nilivipeleka darasani, mwaka wa tano, saa ya mwisho, kwa ruhusa ya mkurugenzi. Nilisema tu kwamba hivi ni magari na ni roboti, wavigeuze bila kuonyeshwa, na baadaye watuandikie hatua kwa Kiswahili. Zoezi la sentensi za amri, ndugu mkaguzi, lipo kwenye kitabu.

Wote walikimbilia chekundu. Baada ya dakika kumi kilikuwa kimefika katikati, si gari wala roboti, na kioo kimoja kimepasuka tundu. Mvulana aliyekipasua alikiweka mezani polepole na kutazama nje ya dirisha.

Cha njano kiliishia kwa mtoto mmoja wa dawati la nyuma ambaye amerudi na wazazi wake mwaka 2023 kutoka kambi ya Nduta. Ni mkimya. Kirundi chake kina lafudhi ya Kibondo, na Kifaransa ndiyo kwanza anaanza. Wenzake wanamwita Mtanzania, kama sisi tulivyoitwa Warundi kule. Yeye hakukivuta. Alikigeuza chini juu, akakitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba jirani yake alitaka kumnyang'anya. Kisha akaweka kidole gumba chini ya mlango, akausukuma kwa nje. Ukafunguka taratibu, na mkono ukatoka nao.

Nilimwuliza kwa nini hakuvuta ngumi ya roboti, maana inaonekana pale chini, imechungulia. "Ngumi inakudanganya, mwalimu," alisema. "Mlango umeshikwa na jino. Ukivuta ngumi, jino halijui."

Hapo ndipo nilipouona ule mkono uliovivunja.

Ndani ya kila mlango wa cha njano kuna kijino kinachoingia kwenye ufa wa chasisi ili gari lisiachie linapobiringika. Ni wazo zuri. Lakini kijino kimekazwa mno, na nje ya mlango hakuna pa kuweka kucha. Kitu pekee ambacho kidole cha mtoto kinakiona ni ngumi. Anaivuta. Kijino hakiachii, na nguvu yote inahamia kwenye pete ya bega, ambayo unene wake haufiki milimita mbili. Kikiwa kipya inavumilia. Baada ya majuma machache ya kuvutwa, inapasuka.

Kwa hiyo kosa si la plastiki wala la mtoto. Aliyekibuni alijua mlango unafungukaje, akasahau kwamba mnunuzi hajui. Kijitundu kidogo cha ukucha kwenye ukingo wa mlango kingetosha, na kalibu isingekuwa ghali zaidi kwa hilo.

Jioni tulijaribu dawa, mimi na mtoto yule, baba yake akiwa amekaa nasi. Tulikwangua pembe ya kijino kwa wembe. Kwenye kigari cha kwanza nilikwangua kupita kiasi na mlango ukawa unalegea. Kwenye mkono mzima wa moja ya maiti tulipata kipimo: unene wa ukucha, upande wa chini tu. Mlango ukafunga, na ukafunguka hata ukivutwa kwa ngumi.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili sikulipenda. Shemeji alipokuja kusikia majibu, alimweka mtoto wake mkekani. Ana mwaka mmoja na nusu. Tulikuwa tunazungumza bei, na nilipogeuka niliona anatafuna. Ilikuwa ngumi ya chekundu, ile ya rangi ya fedha. Ilikuwa imechomoka yenyewe. Shemeji alimtia kidole mdomoni akaitoa kabla mimi sijasimama.

Marekani na Ulaya wana kipimo cha hili, mrija wenye upana wa milimita 31.7, unaokadiriwa kama koo la mtoto mdogo. Kipande chochote kinachozama humo hakiruhusiwi kwenye kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nilikunja karatasi ya manila kwa rula nikapata mrija huo. Ngumi ilizama. Kichwa cha cha njano nacho kingezama, kama kingeng'oka, lakini kimeshikwa na pini na tulishindwa kuking'oa.

Kisha nikafungua kifua cha chekundu. Kifuniko cha betri hakina skrubu, kinafunguka kwa kidole. Ndani mna betri tatu za duara bapa, kama za saa. Msomaji mwenye mtoto mdogo akumbuke hili hata akisahau mengine yote: betri ya namna hiyo ikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama, na kwa zile kubwa zaidi saa mbili zinatosha kuleta madhara makubwa. Usisubiri kesho, usimpe dawa ya kutapisha, mpeleke hospitali wakati huo huo.

Shemeji alisikiliza yote. Alikishika chekundu akakiwasha, kikalia. "Lakini hiki ndicho kinachoita watu," alisema. Hakukosea. Soko lina kelele, na kitu kinachopiga kelele zaidi ndicho kinachotazamwa.

Kuna hesabu ya mpakani pia. Wengi wetu tumezoea ile hati rahisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000, na wengine hudhani inafunika kila kilichonunuliwa Kigoma. Haifunikii. Ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya. Mchele wa Tanzania ni wa Jumuiya, kigari hiki kimezaliwa China hata kama kimelala Kigoma mwaka mzima. Ushuru wake unalipwa kama wa mgeni, nauli juu yake, na mwaka ule petroli ilikuwa haba upande wetu, kwa hiyo nauli ya kutoka Mugina ilikuwa kama bahati nasibu. Ukirudishiwa kigari kimoja kati ya vitatu, hakuna faida inayobaki.

Mwishowe alifanya alivyotaka yeye. Alichukua dazani kumi za cha njano na mbili za chekundu, za kuita watu. Nilimwomba azibe vifuniko vya betri kwa gundi kali, naye akafanya hivyo, ingawa sasa betri zikiisha ndiyo basi.

Majuma mawili kabla ya Noeli, nyumba ya kaka ilikuwa karakana. Vijino 240 vya kukwangua, milango miwili kwa kila kigari. Baba wa yule mtoto wa Nduta, ambaye kule kambini alikuwa fundi wa redio, alishika wembe, na shemeji akamlipa kwa dazani. Mtoto alipewa kazi ya kukagua. Alikataa kumi na moja.

Sokoni shemeji alibadilisha namna ya kuuza. Hakuvipanga tena ndani ya maboksi. Alikaa na kimoja mkononi akikigeuza mbele ya watu, gari, roboti, gari, na kila mnunuzi alitakiwa akigeuze mwenyewe mara moja kabla ya kulipa, kidole gumba chini ya mlango. Wengine walikasirika wakidhani wanapimwa akili. Mzee mmoja alikigeuza mara nne, akasahau alikuja kununua dagaa.

Vyekundu viliisha kwanza, siku mbili tu. Hadi katikati ya Januari 2025 tisa vilikuwa vimerudi. Vya njano viliuzika polepole, dazani moja na nusu zikabaki mpaka Pasaka, na vilivyorudi ni vinne. Viwili vilikatika bega vilevile. Kimoja kilipotea pini, tukaweka spoku. Cha nne hakikuwa na ubovu wowote, mtoto alitaka tu cha taa.

Deni la kikundi lilikwisha mwezi wa Mei, mwezi mmoja nyuma ya ahadi, na alitozwa faini. Safari hii amekwenda Kigoma kuulizia cha aina ya tatu, helikopta, ambayo mwenye duka anasema inageuka kuwa mbwa. Mimi nimebaki na cha njano kimoja juu ya meza ya kusahihishia, kile nilichokikwangua kupita kiasi. Mlango wake wa kushoto haufungi.